Kujenga pamoja Malindi: tunayodanganyana kuhusu kusimamia saiti

Sisi ni familia nane, tumenunua ploti moja huku Malindi tujenge nyumba zikizunguka ua mmoja, na ukumbi wa wote na tangi moja la maji. Maneno ya watu nimeyasikia mpaka basi.

Eti tuko wengi, macho ni mengi, kazi haiwezi kuharibika. Macho sawa, lakini midomo ndo iliyotuumiza. Mwenzetu alipita asubuhi akamwambia fundi asogeze dirisha la jikoni, jioni mumewe akaja akasema lirudi pale pale, kesho yake nakuta linta, ule mhimili wa zege juu ya dirisha, imevunjwa na vibarua wadai siku mbili zao, kuuliza nani alipe kila mtu yuatazama chini. Maagizo yapite kwa mtu mmoja tu, yaandikwe kwenye daftari la saiti na tarehe na sahihi. Wengine njooni mtazame, mpige picha, mkiona kasoro mwambieni huyo, si fundi.

Wengine wasema kila mtu asimamie nyumba yake. Haya, na shimo la choo la wote? Letu lilichimbwa na hakuna hata mmoja aliyekwenda kulipima.

Mchanga ndo unaoniuma zaidi. "Wa ufuoni ni wa bure, mbona wazee walijengea?" Jamani, wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, mle ndani hamna nondo! Chumvi inaozesha nondo, na chuma kikishika kutu kinavimba kinapasua zege, ndo unaona slabu inamenyeka chini vipande vipande na vyuma vyekundu vyachungulia. Lori letu la kwanza nilitia punje ulimini, chumvi tupu, tukalirudisha. Na ulimi si maabara, usipoionja haina maana haipo. Wa mto ni ghali, najua, nunueni huo huo.

Halafu hili la zege likikauka ndo limeshika. Sivyo kabisa, zege linapata nguvu likiwa na maji, ndo maana siku 7 za kwanza tunalifunika magunia na kuyamwagia asubuhi na jioni, na nguvu inayohesabiwa ni ya siku 28. Kwa jua letu hili na upepo wa kaskazi ukiliacha wazi linapasuka mapema.

Na ramani kupitishwa na kaunti, au saiti kusajiliwa NCA, ile mamlaka ya ujenzi ya taifa, hiyo ni ruhusa tu, mkaguzi hashindi hapo. Kinachofunikwa ndicho cha kuangaliwa kwanza: msingi kabla ya kufukiwa, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya plasta, na kontrakta halipwi hatua hiyo mpaka injinia wetu aweke sahihi.

Jumamosi tunamwaga slabu ya ukumbi. Injinia anakuja Ijumaa kuhesabu nondo, na akisema bado hatumwagi, hata kama mixa tushaikodi.