Sabato si saba

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba neno Sabato limetokana na saba, kwa kuwa ni siku ya saba. Linaingia akilini, lakini si kweli. Saba yetu tuliipata kwa Waarabu. Sabato asili yake ni Kiebrania, *shabbat*, kutoka kitenzi chenye maana ya kukoma, kuacha kazi. Saba kwa Kiebrania ni *sheva*, mzizi mwingine kabisa.



Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Anayeshika "saba" hubaki akibishania kalenda. Anayeshika "kukoma" huuliza nani aache kazi, na kwa nini. Torati inajibu mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni Misri: mlikuwa watumwa, basi mtumishi wenu naye apumzike kama ninyi. Ng'ombe na punda wametajwa pia, pamoja na mgeni aliye malangoni. Kwa maoni yangu jibu hili la pili ndilo husahaulika, hasa katika nyumba ambamo bwana na bibi wamepumzika huku dada wa kazi yuko jikoni tangu alfajiri.