Haikabwi na ea klina, mzee wangu

Juzi kaingia gerejini kwangu mzee mmoja wa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, kwadi yake, ile pikipiki ya magurudumu manne, imepakiwa nyuma ya Canter. Ni Honda TRX300 ya miaka ya 1990, zile kongwe ambazo bodi imepauka lakini injini inagoma kufa. Nikamwamkia, akaitika, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Fundi, inakunywa oili kuliko petroli. Nadhani ringi za pistoni mnazotuuzia siku hizi ni feki."

Sikugusa injini. Nilitoa siti, nikafungua kifuniko cha boksi la ea klina, lile chujio la sponji linalozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Boksi tupu. Kwenye kona kulikuwa na mabua makavu na kinyesi cha mjusi.

"Ea klina iko wapi, mzee?"

"Niliitoa tangu mwaka jana. Ilikuwa inaikaba injini, haivuti."

Huyo ni wa nne tangu masika yaishe, na ndiyo maana leo naandika. Wa kwanza aliambiwa na jirani. Wa pili aliambiwa na fundi mwenzangu, Mungu amsamehe. Wa tatu hakumbuki aliambiwa na nani, ila ana uhakika.

Tufanye hesabu ya darasa la sita. Injini ya TRX300 ina cc 282. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inavuta mara 2,500. Zidisha: lita 705 za hewa kwa dakika moja. Hata ukisema kwenye kazi halisi haijai yote, ni mapipa matatu ya lita 200. Sasa chukua mashine hiyo Agosti, barabara ya Kisongo kwenda Monduli, ukiwa nyuma ya ng'ombe mia au nyuma ya trekta. Lile vumbi jepesi kama unga wa sembe ni mawe yaliyosagwa. Linapita kwenye kabureta, linashika oili kwenye ukuta wa silinda, na hapo unakuwa umejitengenezea dawa ya kusagia valvu, ile ile tunayonunua kwenye kopo, isipokuwa wewe unasagia pistoni. Lingine linashuka na oili hadi kwenye beringi za chini.

Nilipoinua silinda ya mzee, nilimpa apitishe ukucha ndani. Ulikuwa unakwaruza kuanzia juu hadi chini, kama ubao wa kufulia. Ringi zilikuwa zimelika mpaka pengo lake linaingia geji mbili pamoja. Hapo hata ungeweka ringi kutoka Japani kwa mkono wa Honda mwenyewe, oili itapita tu.

Nakiri jambo moja, kwa sababu mzee hakuota. Alipoitoa ea klina, kweli mashine ilichangamka. Sababu ni hii. Nyingi za hizi mashine zimefika huku na jeti zile zile za kiwandani, vile vitundu vinavyopima petroli kwenye kabureta, zilizopangwa kwa hewa ya maeneo ya chini. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Petroli inakuja kama kawaida, hewa pungufu, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inavaa masizi, mashine inasuasua. Ukifungua boksi, hewa inaongezeka kidogo, nayo inapata nafuu. Ila dawa yake ni jeti kuu ya namba ndogo zaidi, kazi ya nusu saa kwa mtu anayeijua kabureta. Wenzetu wa Moshi wako chini zaidi, ugonjwa huu hawausikii kama sisi. Na kama sponji ilikuwa imeziba kwa uchafu, hiyo kweli inakaba, lakini kitu kikichafuka kinasafishwa. Shati likichafuka hutembei kifua wazi.

Kuisafisha nako kuna vituko. Vijana wanaipuliza kwa kompresa mpaka inatoboka. Wengine wanaiosha kwa petroli, wanaianika, wanairudisha kavu. Sponji kavu inazuia majani na wadudu tu. Kinachokamata vumbi laini ni oili iliyomo kwenye matundu yake. Iosheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikamueni bila kuinyonga, ikauke kabisa kivulini, kisha ipakeni oili, ile maalumu ya ea klina mkiipata, au ya injini iliyo safi. Minya mpaka isidondoke. Halafu, na hili namwambia kila mteja hadi chalii wangu wa gereji ananicheka, paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa boksi pale sponji inapokalia. Wiki ijayo fungua, pitisha kidole upande wa ndani, ule wa kabureta. Ukihisi mchanga kwenye grisi, hewa inapita pembeni na kazi yote ni bure. Msimu wa vumbi mimi naangalia kila wiki. Na tafadhali, sponji ya godoro si ea klina. Matundu yake si ya kazi hiyo, na ikizoeana na petroli inabomoka, vipande vinakwenda kulala kwenye kabureta.

Mengine niyapitie haraka, kwa sababu hayaniumizi kichwa kiasi hicho.

"Oili ni oili." Hapana. Kwadi nyingi za zamani, klachi inaoga kwenye oili ile ile ya injini. Ukiweka oili ya gari, hasa hizi nyepesi za kupunguza ulaji wa mafuta, klachi inateleza na unakuja kwangu kutaka sahani mpya. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

"Tairi lijae kama la bodaboda." Nimeshapima kwadi yenye upepo wa psi 30. Matairi yale yametengenezwa kufanya kazi kwenye upepo mdogo sana, mara nyingi kati ya 3 na 5, na kipimo kimeandikwa kwenye stika ya mashine. Ukilijaza, linaruka kwenye kila jiwe, mtelemko wa shamba la kahawa unakuwa mrefu ghafla, na ndiyo mwanzo wa kupinduka. Geji ya gereji za magari haisomi vizuri huko chini, nunua ile ya upepo mdogo.

Chensoo, yaani msumeno wa injini: "Zidisha oili kwenye petroli, mashine iishi." Ukiambiwa 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, ni mililita 100 kwenye lita tano, basi. Ukizidisha unaziba eksozi kwa masizi, na petroli halisi inayofika inakuwa pungufu. Ukisahau oili kabisa, inanoki ndani ya dakika chache. Na oili chafu ya gari si ya kulainishia mnyororo. Ina unga wa chuma ndani yake, na pampu ya oili ndiyo inayolipa.

Grenda, mashine ya diski ya kukatia chuma, sitaki mzaha nayo. Kuna mtu aliniletea ile ndogo ya inchi nne na nusu, kava ametoa, ametia diski ya inchi tisa "ili ikate ndani zaidi". Soma diski yenyewe: kubwa ile mwisho wake ni kama mizunguko 6,600 kwa dakika, na grenda ndogo inakwenda hadi 11,000. Diski inapasuka, na aliye karibu nayo kuliko wote ni wewe uliyeishika. Niliitoa mwenyewe kabla hajaondoka, akanuna.

Kwadi ya mzee wa Kisongo bado iko mezani, silinda imekwenda kuchongwa na pistoni ya saizi ya juu tunaisubiri. Jana kanipigia. Nilidhani anauliza lini itakwisha. Kumbe anauliza kama chensoo ya kijana wake nayo ina ea klina. Inayo, nikamwambia, chini ya kifuniko cha nyuma. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia anaita: "We Baraka! Hebu lete bisibisi."