Acheni kumwambia mtoto "mwonee huruma mwenzako"

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwenye kikao cha wazazi: "Watoto wa awali bado wadogo, hawawezi kuwa na subira kwa mwenzao asiyesema. Tuwafundishe huruma kwanza, subira itakuja wakikua." Watu wakaafiki, kuanzia mwenyekiti hadi walimu wenzangu. Nafundisha kwenye kitengo cha elimu maalumu hapa Mbeya, ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Maneno haya nayasikia kanisani, nayasikia kwenye bajaji ya kwenda Uyole, nayasikia kwa wageni wanaotuletea sabuni na madaftari. Wote wana nia njema. Lakini wanakosea, na anayeumia ni mtoto ambaye hawezi kusimama kikaoni akawakatalia.

Tazameni huruma inavyofanya kazi darasani. Mtoto wa miaka mitano akishaambiwa "mwonee huruma", anabaki na mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kumsemea. Namuuliza mtoto wa kiti mwendo kama anataka kuchora au kutoka nje kwenye mpira. Kabla mkono wake haujafika kwenye ubao wa picha, zile anazogusa ili kusema, jirani yake kashajibu: "Anataka mpira, mwalimu." Na jirani anasifiwa kwamba ana moyo mzuri. La pili ni kumkwepa, kwa sababu mtoto hajui acheze mchezo gani na mtu wa kuonewa huruma. Mapumziko yakifika wanamsukuma mwenzao hadi kivulini, wanampa kitu cha kushika, wanaondoka mbio. Wametimiza walichoambiwa.

Hakuna aliyewaambia kuwa mwenzao ana neno, na neno hilo liko njiani.

Sisi tunaozungumza kwa mdomo tunapokezana maneno kwa kasi kubwa kuliko tunavyodhani. Utafiti wa lugha 10 za mabara mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kati ya swali na jibu pengo la wastani ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtoto anayeanza darasa la awali ameshaishi ndani ya kasi hiyo miaka yote ya maisha yake. Sasa mkalishe na mwenzake anayeongea kwa kugusa picha, njia ambayo hata mtu mzima aliyeizoea mara nyingi hafikishi maneno 15 kwa dakika, wakati mdomo unatoa mia na zaidi. Zikipita sekunde tatu bila jibu, mtoto anahitimisha kama ambavyo angehitimisha mtu yeyote: hajasikia, au hataki kucheza na mimi. Hapo tunamwita hana subira. Anachokosa ni taarifa. Hajui kinachoendelea ndani ya ule ukimya, na kumweleza ni kazi yetu.

Mimi nawaeleza waziwazi, na wanaelewa. Mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo usioiongoza misuli vizuri, mara nyingi jibu analo mapema. Kazi iliyobaki ni kuufikisha mkono. Anaupeleka, msuli uliotakiwa kulegea unakaza, mkono unapita pembeni ya picha, anaurudisha, anaanza upya. Ukimharakisha unakaza zaidi. Ukimshangilia "haya, haya, umekaribia!" unakaza vilevile, kwa sababu msisimko wowote unaingia kwenye misuli. Mwenye usonji, ambaye ubongo wake hupokea watu na mawasiliano kwa namna tofauti, anaweza kugeukia ukuta wakati anatafakari, na kugeuka huko hakumaanishi amekukataa. Wapo pia wenye ulemavu wa akili, ambao swali lenyewe linawachukua muda kulielewa. Lakini nani yuko kundi gani, huwezi kulipima kwa kasi ya mkono, na watu wanalipima hivyo kila siku.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote: kurudia swali.

Mtoto ameulizwa, "Unataka uji?" Kimya. Anaulizwa tena kwa sauti kubwa zaidi: "Uji! Unataka?" Kimya. Anaulizwa kwa maneno mengine: "Au hujisikii kula? Tumbo linauma? Nikuwekee sukari?" Muulizaji anaamini anasaidia. Kumbe amemwaga maswali manne juu ya mtu aliyekuwa tayari amefika katikati ya jibu la swali la kwanza. Jibu lake la "ndiyo" sasa litaangukia swali gani? La uji au la tumbo? Anaacha, anaanza kusikiliza upya, na kabla hajaanza kujibu linakuja la sita. Mwishoni muulizaji anasema, "Huyu leo hayuko vizuri." Yuko vizuri kabisa. Amekatizwa mara tano ndani ya nusu dakika.

Watoto hawakuzaliwa na tabia hii, wameichukua kwetu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri sekunde moja tu hivi kabla ya kulirudia, kumgeukia mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu walipofikisha sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Hao walikuwa watoto wanaosema. Kwa wanaotumia picha au macho, watu wa fani yangu hupenda kutaja sekunde 10. Mimi siishiki namba hiyo kama amri. Nina watoto wanaohitaji mara mbili yake asubuhi ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imewakaza vidole, na jibu la mtoto yuleyule linaweza kuja haraka mchana jua likishatoka.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ninayowapa watoto ni fupi: uliza mara moja. Baada ya hapo mdomo umemaliza kazi, sasa ni zamu ya macho. Mtoto mdogo hawezi kusubiri bure, hilo nakubali. Mkono na miguu yake vitatafuta kitu. Ila anaweza kusubiri akiwa na kazi, na kazi yenyewe ni kutafuta jibu linatokea wapi. Huyu akitazama juu ni ndiyo. Yule akifumba macho ni ndiyo, akigeuza uso ni hapana. Yule mwingine anavuta mkono wako mpaka kwenye kitu. Nikishawaonyesha hayo, watoto wa miaka mitano wanaona haraka kuliko watu wazima. Wananiita: "Mwalimu, amesema!" Nami nilikuwa nimegeukia ubaoni, sijaona.

Sheria ya pili ni ngumu zaidi, na hapa watu wenye huruma ndio wanaoharibu: kama hujaelewa, sema hujaelewa. Mtoto anaonyesha kitu, hatukipati, tunatabasamu, tunasema "eee, sawa, sawa" na kuendelea na mambo yetu. Ni adabu ya uongo. Yeye anajua kabisa kwamba hukuelewa, na ukimfanyia hivyo mara nyingi ataacha kusema. Nawafundisha watoto kusema: "Sijaelewa, nionyeshe tena." Wakitaka kukisia wakisie kwa swali moja la ndiyo au hapana, na ikija hapana waipokee. Kuipokea hapana ndiko kunakowashinda. Mtoto akishaamua kwamba mwenzake anataka mpira, atauliza mpira, mpira, mpira, mpaka apate anachokitaka yeye.

Viziwi niwaseme kwa ufupi, kwa sababu watu huwachanganya na hawa wengine. Kiziwi anayetumia lugha ya alama si mtu wa polepole. Mtazame akiwa na wenzake. Utashindwa wewe kumfuata. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na huku kwetu ipo ya Njombe. Pita hapo wakati wa mapumziko uone mikono inavyokimbia, inavyotaniana na kugombana. Huyo hakudai subira, anakudai lugha. Darasa la awali linaweza kuanza na alama za salamu, uji, choo, mpira na "njoo", na kujua kwamba ukitaka kuongea naye unamgusa bega kwanza, unakaa mahali penye mwanga, na humlazimishi atazame kikombe chake na mikono yako kwa wakati mmoja.

Nirudi kwa watu wazima, hasa kwenye salamu. Huku Nyanda za Juu Kusini mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila kusalimia. Iringa na Njombe utasikia "kamwene" kila kona, na popote pale shikamoo haina mjadala. Ni desturi nzuri, naipenda. Lakini mtoto asiyesema akikutana na mzee njiani, mzee anasubiri ile shikamoo, haiji, anaguna, anamgeukia mama: "Huyu mbona hana adabu?" Mama anaeleza. Mzee anasema, "Ooh, pole." Watoto wa jirani wamesimama pale wanaangalia. Wamejifunza kwamba asiyetoa sauti ni mkosefu kwanza, na akisamehewa basi ni wa kupewa pole. Masomo yangu ya wiki nzima yanafutwa hapo hapo, mbele ya duka la vocha. Na mara nyingi mtoto alikuwa ameshasalimia: aliinamisha kichwa, au alinyoosha mkono ukachelewa kufika. Ningeomba wazee wetu jambo moja. Mtazameni mtoto kabla hamjamhukumu, na akiinamisha kichwa mwitikieni "marahaba" kwa sauti, watoto wengine wasikie. Somo hilo linawaingia kuliko yangu, kwa sababu limetoka kwa mkubwa wanayemwogopa na kumpenda.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba kuongea ni kuongea na haya mengine ni ishara tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unahesabu lugha za alama, nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole), mawasiliano ya mguso na njia mbadala za kuwasiliana kuwa mawasiliano kamili. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Hayo yalishaamuliwa.

Ambacho hakijaamuliwa kichwani mwangu ni hiki. Darasa likiwa na watoto themanini, utampa wapi mmoja sekunde 20? Vitabu vinalipita swali hili kimyakimya. Ninachofanya ni kuuliza, kumwambia "narudi kwako", kuendelea na mstari mwingine, kisha kurudi kweli. Mtoto anapata muda, darasa linaendelea. Lakini jibu lake sasa linafika somo likiwa limehama, na mara nyingine najiuliza kama sijamfanya kuwa mtu wa pembeni kwa utaratibu uleule uliokusudiwa kumwingiza ndani. Ninaendelea nao kwa sababu kutomuuliza kabisa ni kubaya zaidi.

Jambo jingine ni marafiki wasaidizi. Ukimteua mtoto mmoja kuwa mkalimani wa mwenzake, ndani ya muda mfupi anageuka bosi. Anaamua nani acheze naye, anajibu mpaka maswali asiyoyajua. Nawabadilisha kwa zamu, na bado wengine wanashikilia cheo. Pia michezo ya "tujifanye bubu" siipendi. Watoto wanacheka, au wanaogopa, na wanatoka wakidhani kutosema ni giza tupu. Nachezesha mchezo wa kupeleka ujumbe bila mdomo, na yule asiyesema anakuwa kiongozi kwa sababu yeye ndiye fundi wake.

Na jamani, subira haina maana ya kuvumilia kila kitu. Mtoto asiyesema naye hufinya, hunyang'anya, huruka foleni ya uji. Akifinya, mwenzake ana haki ya kukasirika na kumwambia "sitaki", na mimi nitamkemea aliyefinya kama ninavyokemea wengine. Naye afundishwe kusubiri zamu. Watoto wawili wanaoweza kugombana na kupatana wako karibu na urafiki kuliko wale wa kusukumana hadi kivulini.

Wazazi huniuliza waanze lini. Anzeni sasa, hata akiwa na miaka mitatu, na anzeni kwa kuacha kujibu kwa niaba ya mtu yeyote mbele yake, awe bibi aliyepata kiharusi, mjomba mwenye kigugumizi au mtoto wa jirani. Walimu wenzangu nawaomba jambo la ubao wa picha: usikae kabatini wala usiwe mali ya mtoto mmoja. Watoto wote waushike, waguse picha wakati wao wenyewe wanazungumza, maana mwenzao atajifunza kuutumia kwa kuwaona wakiutumia. Ukichakaa, chora mwingine. Kipande cha boksi, kalamu na nailoni ya kufunikia vinatosha. Na katika picha za mwanzo, kabla ya maji, choo na chakula, weka ya "sitaki" na ya "bado sijamaliza", kwa sababu karibu kila ubao ninaoletewa hizo mbili hazimo.