Je, wajua kwa nini saratani ya kongosho haipasuliwi katika kila hospitali?

Mwaka 1984, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, kati ya kila wagonjwa 100 waliopasuliwa kuondolewa kichwa cha kongosho, 17 hivi walifia hospitalini. Kufikia 1995 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 5. Katika miaka hiyo haikugunduliwa dawa ya ajabu. Kilichobadilika sana ni mahali pa kupasuliwa. Mwanzoni mgonjwa mmoja kati ya watano alipelekwa Johns Hopkins, hospitali kubwa ya chuo kikuu mjini Baltimore. Mwishoni walikuwa zaidi ya nusu. Waliobaki walitawanyika kwenye hospitali nyingi, na baadhi ya hizo upasuaji huo ziliuona kwa nadra.

Inakuwaje hospitali moja iwe salama kuliko jirani yake, ilhali madaktari wote wamesomea kazi hiyo hiyo?

Tuanze na kongosho lenyewe. Ni tezi ya urefu wa sentimita 15 hivi, imelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, mrija wa nyongo unapita ndani yake, na mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umepita nyuma yake. Uvimbe ukiota hapo, huwezi kuukata peke yake. Inabidi uondoe kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, wakati mwingine na kipande cha mfuko wa chakula. Kisha vilivyobaki vinaungwa upya kwenye utumbo: kongosho, mrija wa nyongo na mfuko wa chakula. Kazi hiyo huchukua saa 4 hadi 8. Inaitwa upasuaji wa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeieleza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameifanya tangu 1909.

Muungano unaowanyima madaktari usingizi ni ule wa kongosho na utumbo. Kongosho laini halishiki uzi. Unaweza kuchana nyama yake kama parachichi lililoiva. Tena maji yanayotoka humo yameumbwa kumeng'enya nyama na mafuta. Yakivuja, huanza kumla mgonjwa mwenyewe: hula mshono, na yakifika kwenye mshipa wa damu, hula hata ukuta wake.

Sasa fikiria mgonjwa aliye siku ya tano tangu apasuliwe. Ameketi kitandani, anazungumza, homa hana. Ubavuni pake mna mpira unaotoa majimaji kutoka tumboni. Jana yalikuwa mepesi, leo yamekuwa mazito, yana rangi ya kijivu. Muuguzi wa wodi inayopokea wagonjwa wa Whipple kila wiki hasubiri daktari apite asubuhi. Anaita. Majimaji yanapimwa amilesi, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho, mgonjwa anapigwa CT skani, yaani picha ya kompyuta ya ndani ya mwili, na kama kuna dimbwi tumboni linatolewa kwa mpira mwingine unaopitishwa kwenye ngozi. Ikionekana damu kidogo kwenye mpira ule, hata ikikoma yenyewe, wodi nzima inaamka, kwa sababu huenda huo ni mlio wa kwanza wa mshipa unaokaribia kupasuka. Mgonjwa anakimbizwa kwa mtaalamu anayepitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi panapovuja, akapaziba.

Muuguzi ambaye mgonjwa wa namna hiyo alimwona mara ya mwisho miaka miwili iliyopita anaweza kuandika kwenye faili: "damu kidogo, imekoma." Kwangu mimi huo si uzembe. Jicho lake halijafundishwa na mazoea. Tafiti za Marekani zinaonyesha kuwa matatizo baada ya upasuaji mkubwa hutokea kwa viwango vinavyokaribiana kati ya hospitali na hospitali. Zinapoachana mno ni katika kumwokoa aliyekwisha kupata tatizo. Uholanzi wamelichukulia jambo hili kwa uzito: waliweka sharti kwamba hospitali inayotaka kufanya Whipple ifanye angalau 20 kwa mwaka.

Faida nyingine huja kabla ya kisu. Johns Hopkins waliwahi kuwakusanya madaktari wa upasuaji, wa kemo (dawa za saratani), wa mionzi na wasomaji wa picha wampitie mgonjwa kwa siku moja. Kati ya wagonjwa 203 wa mwanzo, 48 walibadilishiwa ushauri waliokuja nao. Hilo ni kubwa, maana wanaofaa kupasuliwa ni wachache, takriban mmoja kati ya watano. Wengi hugundulika saratani imeshasambaa. Kwa hiyo macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka na mwili ukawasha, usikae na dawa za kienyeji ukidhani ni ini tu.

Baada ya kupona, wengi humeza vidonge vya vimeng'enya kila wanapokula, la sivyo mafuta hayasagiki na mwili unakonda. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema, aongee na daktari wake na sheikh wake kuhusu dharura, yaani hali ya lazima inayoruhusu kilichokatazwa, badala ya kuligundua kwenye karatasi ya dawa akaacha kimyakimya.

Na kwa familia zinazochangishana kumpeleka mzee India au Nairobi: kabla ya kulipia tiketi, iulize hospitali inafanya Whipple ngapi kwa mwaka. Kisha uliza, damu ikionekana kwenye mpira saa 8 usiku, mtaalamu wa kuziba mshipa atakuwa wapi.