Kuongeza ufyonzwaji wa dawa utumboni: maana yake

Dawa iliyomezwa bado haijaingia mwilini. Ufyonzwaji ni pale inapotoka ndani ya utumbo mwembamba, ikapenya ukuta wake na kuingia kwenye damu. Kuongeza ufyonzwaji ni kufanya sehemu kubwa zaidi ya dozi ileile ipenye, bila kuongeza hata kidonge kimoja.

Ili ipenye, kwanza iyeyuke. Hapo ndipo dawa mseto ya malaria, ALu, inayojulikana karibu kila nyumba hapa Mwanza, hukwama. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Mafuta ya chakula yakifika utumboni, nyongo humwagika na kuyasaga kuwa matone madogo mno, nayo dawa hubebwa ndani ya matone hayo hadi ukutani. Kwa watu wazima wenye afya, mlo wa mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyoingia mwilini takriban mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Artemetha mara 2 hivi.

Tena hayahitajiki mafuta mengi. Gramu moja na ushee huleta sehemu kubwa ya faida hiyo: kikombe cha maziwa yasiyoenguliwa, uji wa karanga, kipande cha sangara, dagaa wa kukaanga. Chai ya rangi peke yake haisaidii kitu. Dozi ya kuangalia sana ni ya pili, saa 8 baada ya ya kwanza, kwa sababu mara nyingi huangukia usiku wa manane na mgonjwa huimeza kwa maji matupu. Awekewe maziwa au uji karibu na kitanda mapema. Akitapika ndani ya saa moja, dozi irudiwe.

Prazikwanteli ya kichocho nayo hupenda chakula. Kwa miligramu 40 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600, na ini huharibu sehemu kubwa ya dawa hiyo kabla haijasambaa mwilini. Ndiyo maana watoto wa mwambao wa ziwa wale kwanza, ndipo wapewe dawa shuleni. Chakula hupunguza na kichefuchefu pia.

Lakini maziwa hayohayo huharibu siprofloksasini na tetrasaiklini, dawa za kuua bakteria: kalsiamu iliyomo huzishika zikashindwa kupenya. Vidonge vya madini chuma navyo visimezwe kwa chai.

Viwandani husaga dawa iwe unga laini zaidi, huiweka kwenye mafuta, au huongeza kemikali zinazolegeza nafasi kati ya seli za ukuta. Njia hii ya mwisho inataka uangalifu mkubwa, kwa kuwa nafasi ikilegea, hata visivyotakiwa vinaweza kupita.

Na kuna ongezeko lisilotakiwa kabisa. Balungi huzuia kimeng'enya cha ukuta wa utumbo ambacho huvunja baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini. Dozi ya kawaida huweza kuingia kwa wingi kupita kiasi, presha ikashuka mno na mgonjwa akapata kizunguzungu.