Saitesheni za mwanafizikia wa chembe: usisome namba kabla hujajua alikuwa anafanya nini

Swali ninaloulizwa sana ni hili, fulani ana saitesheni (mara ambazo pepa zake zimetajwa kwenye pepa nyingine) laki moja na zaidi, je ni mkali kuliko huyu mwenye elfu nane? Nafanya kazi kwenye fizikia ya chembe na siku zote nauliza kwanza, huyo mtu ni wa nadharia au wa majaribio? Maana hizo ni dunia mbili, na namba zake ukiziweka kwenye jedwali moja unawaonea watu.

Chukua upande wa majaribio. Kolaboresheni ya ATLAS, moja ya majaribio makubwa pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, ina waandishi karibu 3,000, na majina yanapangwa kwa alfabeti tu, hakuna cha mwandishi wa kwanza wala wa mwisho. Mwanafunzi wa PhD akimaliza kazi ya kufuzu, ambayo ni kama mwaka hivi anahangaika na programu au kalibresheni ya ditekta (mtambo wa kunasa na kupima chembe), jina lake linaanza kuingia kwenye kila pepa inayotoka, hata ile ambayo uchambuzi wake hakuugusa. Mwaka 2015 ATLAS na CMS, jaribio jingine kubwa la CERN, walitoa pepa ya pamoja kuhusu masi ya chembe ya Higgs, waandishi 5,154, kurasa 33, na kati ya hizo 24 ni majina na taasisi zao. Sio udanganyifu, bila wale watu wa nyaya na sumaku na kompyuta hakuna data, wanastahili kabisa kuwepo. Ila h-indeksi inavurugika vibaya. Jorge Hirsch alipoitoa hiyo h-indeksi mwaka 2005 (ukiwa na h ya 40 maana yake una pepa 40 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 40) aliyeongoza kwenye orodha yake ya wanafizikia alikuwa mwananadharia Edward Witten, 110. Leo kijana wa postdoc (mtafiti aliyemaliza PhD karibuni) wa ATLAS au CMS anaweza kuipita hiyo, na yeye mwenyewe anajua haimaanishi amempita Witten.

Nadharia sasa. Huku pepa ina mtu mmoja, wawili, watatu, kwa hiyo saitesheni zinakuwa na uzito wa kweli kwa mtu, lakini zinachelewa, na wakati mwingine zinachelewa sana. Pepa ya Steven Weinberg ya 1967, kurasa 3 hivi, ile iliyounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu, miaka ya mwanzo karibu hakuna aliyeitaja, mpaka 1971 Gerard 't Hooft alipoonyesha kwamba nadharia za aina ile hesabu zake zinatoa majibu yenye maana, ndipo watu wakaikimbilia, 1979 Nobel, na leo imetajwa zaidi ya mara 10,000. Kamati ya ajira ingemhukumu kwa pepa ile mwaka 1970 ingeona nini? Peter Higgs naye, ambaye ile chembe ya Higgs imepewa jina lake, baada ya pepa zake za 1964 alichapisha chache sana, na alisema mwenyewe kwamba kwa mfumo wa sasa asingeonekana ana tija ya kutosha kupata kazi chuoni. Hili linaniuma kwa kweli.

Na kuna saitesheni za msisimko. Desemba 2015 data za LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, zilionyesha kama kuna chembe mpya kwenye GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati), wananadharia wakaandika mamia ya pepa ndani ya miezi michache, wote wakitajana, Agosti 2016 data zikaongezeka na kile kitu kikayeyuka. Saitesheni zimebaki kwenye profaili.

Kwa hiyo mimi nikitaka kumjua mtu naingia INSPIRE, ile hifadhidata yetu, naondoa saitesheni alizojitaja mwenyewe, halafu nachuja zibaki pepa zenye waandishi 10 au pungufu. Kwa mtu wa majaribio hapo zinabaki chache, ndio kawaida, na humo ndimo unakuta ripoti zake za mikutano na kazi za ditekta. Mengine hayapo kwenye hifadhidata yoyote, nani aliongoza uchambuzi, nani aliandika zile noti za ndani, nani alikesha kwenye zamu, hayo inabidi uwaulize waliofanya naye kazi, na wanakwambia.