Ngoma Haiingii Kwenye Begi

Magari ya watalii yanayotoka Mwanza kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka hupita Kisesa, karibu kabisa na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Mengi hayasimami. Yakisimama, mgeni huzunguka robo saa, hupiga picha, hushika kingoma, huuliza bei, hukirudisha mezani. Fundi aliyekitengeneza hajui hata kama kuna mtu alikuja.

Mimi hupanga ziara za utamaduni upande huu wa ziwa, na mawakala nawaambia kila mara: mnahangaika na kitu kisichouzika. Ngoma ya Kisukuma hasa ni gogo lililochimbwa likawambwa ngozi ya ng'ombe. Begi la ndege kwa kawaida lina kikomo cha kilo 23, na ngozi mbichi inaweza kuzuiliwa forodhani huko mgeni anakotoka. Basi fundi anashauriwa achonge vingoma vya mapambo, visivyolia. Akizoea hivyo, kijana anayejifunza kwake naye atajua hivyo tu.

Kinachouzika ni saa za fundi. Mkalishe mgeni karakana. Ngozi imelowekwa hadi ikalegea. Inatandazwa mdomoni mwa ngoma ikiwa bado inachuruzika, kisha kamba zinakazwa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, maana ukimaliza upande mmoja kwanza ngozi inakwenda mshazari. Mpe mgeni kamba avute. Mzee atamwambia "bado, vuta", na atavuta hadi viganja viwake moto. Siku hiyo ngoma haipigwi, lazima ikauke. Kwa mgeni anayekwenda Serengeti hilo ni neema: anaiwamba akienda, anakuja kuipiga akirudi. Fundi kalipwa mara mbili na ngoma bado ni yake, auze kwa wacheza ngoma wanaoijua thamani yake.

Malipo yawe kwa kila mgeni kwa saa, yaandikwe, fundi aweke saini, mgeni aone kiasi. Dereva akitaka kamisheni, itoke kwenye fungu la wakala. Hapa ndipo watu huninunia, na wanune tu.

Wasusi wa vikapu vya milala wana nafuu, kwani kikapu ni chepesi. Kwao nadai bei ibandikwe, basi.

Wachezaji ndio wanaoharibiwa zaidi. Kijadi Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma wa Kisukuma, hucheza kwa kushindana, kila upande ukivuta umati, na mshindi ni aliyejaza watu. Ndiyo maana kuna majembe yanayorushwa kwenye bugobogobo, ngoma ya wakulima, na nyoka, na vituko vya kila aina. Ukichukua kundi moja ukalipeleka hotelini, mbele ya wageni waliokaa wakila, umeondoa ushindani, na wachezaji wanacheza kwa kutimiza wajibu. Heri uwalete wageni Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, mwezi Juni, au ulipie makundi mawili uwanjani kijijini na wanakijiji waje bure. Gharama ni maradufu, naam. Iingize kwenye bei ya ziara.

Masika, Machi hadi Mei, siiuzi safari ya kuwamba, kwa sababu ngozi haina uhakika wa kukauka mgeni akiwa bado mbugani. Miezi hiyo nauza kuchonga gogo, ambako mvua haidhuru chini ya banda.